Bibi alikataa kupimwa Mei 2020, alikua mkaidi kweli?

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, nitaieleza kwa ufupi ili na wengine wafuate. Bibi yako anaishi Mji wa Kale, Mombasa. Mwezi wa 5 mwaka 2020 alishikwa na homa na kikohozi, watu wa afya wakapita kuhimiza upimaji wa corona, yeye akakataa na nyumba nzima ikafunga mdomo. Mjomba wako alikua Nairobi wakati huo, akaja kujua mwezi wa 7 barabara zilipofunguliwa, na mpaka leo akikasirika humwambia mamake kwamba ukaidi wa watu kama yeye ndio uliofanya mtaa ufungwe na ugonjwa uenee. Wewe unauliza, ni kweli watu wa Mji wa Kale walikua wakaidi? Na nyinyi kama familia mlikosea?

Nitangulize kwamba mimi si daktari, ni afisa wa afya ya jamii, na miezi hio nilikua nasimamia wahudumu wa kujitolea wanaopita nyumba kwa nyumba hapa kisiwani, kwa hio nakujibu kwa niliyoyaona na kwa yaliyokuja kujulikana baadae. Bibi yako alikua anapiga hesabu. Hesabu yake ilikua na akili nyingi na ilikua na kosa moja, na hilo kosa nitalisema waziwazi kwa sababu ni la hatari, lakini kumwita mkaidi ni kumuonea.

Turudi mwanzo kabisa, mana ukianzia Mei hutaelewa kitu. Kisa cha kwanza Kenya kilitangazwa Ijumaa tarehe 13 Machi 2020, kule Nairobi. Jumapili yake rais akatangaza kufunga shule, madrasa nazo zikafuata, misikiti na makanisa yakafungwa kabla Machi haijaisha, tarehe 25 ndege za abiria kutoka nje zikasimama, tarehe 27 ikaanza kafyu ya kuanzia saa 1 usiku mpaka saa 11 alfajiri, na tarehe 8 Aprili Mombasa, Kwale na Kilifi zikafungwa, huingii hutoki. Hesabu siku hapo, ni 26 tu tangu kisa cha kwanza. Na mwisho wa Machi waliothibitishwa nchi nzima walikua watu 59. Sasa jiweke wewe kwenye baraza ya nyumba ya bibi yako, hujamuona mgonjwa hata mmoja kwa macho yako, humjui mtu anaemjua mgonjwa, lakini mtoto wako wa hoteli ameambiwa abaki nyumbani bila mshahara, wajukuu wako hawasomi, msikiti umefungwa na jioni huwezi kukanyaga nje. Watu walipata adhabu ya ugonjwa kabla hawajauona ugonjwa wenyewe, na hicho ndicho kitu cha kwanza ambacho watu wa ofisini hatukukielewa, sisi tulikua tunatazama chati za Italia na tunatetemeka, wao wanatazama sufuria.

Na siku ile ya kwanza ya kafyu, tarehe 27, pale kivuko cha Likoni, sijui kama uliiona kwenye vidio. Watu wametoka kazini wanataka kuvuka kwenda kwao, feri zimejaa, saa inakimbia, kila mtu anajua ikifika saa 1 yuko makosani. Polisi wakaingia na virungu na mabomu ya machozi. Watu ambao wiki nzima tumewaambia wasimame mbali mbali wakajikuta wamesukumwa kifua kwa kifua, wanakohoa gesi, wanajifuta machozi na makamasi kwa mikono ambayo tumewaambia wasishike nayo uso. Rais mwenyewe alikuja kuomba radhi kwa yale yaliyofanywa na polisi siku hizo, na baadae mwaka huo huo likajengwa lile daraja la kuelea la Liwatoni ili kupunguza msongamano wa feri, lakini kwa watu wangu wa mtaani jambo lilishakwisha, corona na rungu zilikua zimeingia mji siku moja. Kesho yake wahudumu wangu wakipita na ujumbe wa kunawa mikono wanaulizwa, "Mumekuja na polisi?"

Hilo la kunawa nalo tuliseme. Sekunde 20, maji yanayotiririka na sabuni. Maji gani? Kisiwani mifereji ina siku zake, watu wengi wanategemea visima na mikokoteni ya mitungi ya lita 20. Nyumba ya watu 8, kila mtu akinawa mara 6 kwa siku na kila kunawa ni nusu lita, hizo ni lita 24, mtungi mzima na zaidi, kila siku, wa kunawa tu, hujapika hujaoga. Watu walinawa kadri walivyoweza na wengine walijitahidi mpaka nikaona haya, wakatoboa madumu wakayatundika milangoni kwa kamba, watoto wakapewa zamu ya kuyajaza. Mtu mkaidi hatoboi dumu.

Na kukaa mbali mbali? Nyumba za Mji wa Kale unazijua, ghorofa moja familia mbili tatu, ngazi moja, choo kimoja, vichochoro ambavyo watu wawili wakipishana mmoja lazima ajibanze ukutani. Ule mwongozo wa kwanza kwamba mgonjwa akae chumba chake peke yake uliandikwa na mtu mwenye nyumba ya vyumba vingi.

Sasa tufike kwenye karantini, mana hapo ndipo lilipo jibu la swali lako.

Karantini maana yake ni kumtenga mtu ambae huenda amekutana na mgonjwa, ili kama ameambukizwa asiambukize wengine. Ni kinga tu, haimhukumu mtu. Lakini ilivyokuja kwetu ilikuja na bili. Waliopelekwa mwanzoni walitakiwa walipie wenyewe, kwenye vituo vya serikali ilikua shilingi 2,000 kwa siku, hoteli ndio usiseme. Siku 14 hapo ni 28,000 kwa mtu mmoja, na ukichukuliwa wewe na wa nyumbani kwako pia wanachukuliwa, na muda unaweza kuongezwa kama kuna mmoja kwenye kituo amepatikana nao. Mwezi wa 4 kukatokea vidio ya watu wanaruka ukuta wa kituo kimoja Nairobi. Na likafanyika kosa ambalo mimi mpaka leo linaniuma, ikatangazwa kwamba wanaovunja kafyu watapelekwa karantini siku 14. Yaani kile kitu tulichokua tunakieleza kwa watu kama hifadhi, serikali ikakifanya jela. Kuanzia hapo unamwambiaje mtu njoo upimwe tukulinde? Mei serikali ikasema itabeba gharama kwenye vituo vyake, jambo zuri, lakini habari ya bili ilishafika kila baraza na habari ya kuondolewa bili haikutembea kwa kasi hio.

Ongeza na la pili ambalo watu hawapendi kulisema. Mitaa yetu hii, Mji wa Kale, Majengo na kwengineko, ina historia yake na magari yanayokuja kuchukua mtu. Kuna familia zilipoteza vijana hivo miaka ya nyuma na watetezi wa haki hapa pwani wamelipigia kelele sana. Kwa hio gari likija na taa, wakashuka watu wamejifunika nguo nyeupe mpaka uso, wakatoka na baba wa mtu bila kumwambia mkewe anapelekwa wapi hasa, mtaa unaona jambo unalolijua tayari, limebadilishwa nguo tu.

Nikupe kitu nilichokiona kwa karibu. Mmoja wa wahudumu wangu, mama wa makamo, hana mshahara, maski yake kaishona mwenyewe kwa kipande cha leso, alibisha hodi kwenye nyumba moja. Mlango ukafunguliwa robo, mwenye nyumba akajibu "sote wazima alhamdulillahi" kabla hajaulizwa. Na juu ghorofani mtu anakohoa, kile kikohozi kikavu kisichomalizika. Wote wawili wanakisikia. Mhudumu akatazama daftari lake, akaandika wote wazima, akaondoka. Alikuja kuniambia jioni kwa simu na sauti inamtetemeka, anahisi ametenda dhambi, na mimi kwa nafasi yangu nilitakiwa nimkaripie. Nikamuuliza, kesho ukirudi wanaweza kukufungulia? Akasema wakijua niko peke yangu, ndio. Akarudi na panadol, akauliza kama mzee wa juu ana dawa zake za presha mana kliniki watu wameacha kwenda, na mlango ukafunguka wote. Siku ya tatu alipandishwa ngazi.

Kutoka hapo tukabadilisha swali, tukaacha kuanza na "kuna mgonjwa?" tukawa tunaanza na "nani humu ana sukari au presha na dawa zimemwishia?" Wallahi ilikua tofauti kama usiku na mchana. Na tulikuta wazee wengi dawa zimekwisha wiki nyingi, hawathubutu kwenda hospitali kwa kuogopa wakisikika wanapiga chafya watabakizwa huko huko.

Alafu ikaingia Ramadhani, mwisho wa Aprili. Wewe ulikua mdogo labda unakumbuka ule ukimya tu. Ramadhani ya Mji wa Kale ni ya usiku, watu huishi baada ya magharibi, biashara za viazi karai, mahamri na kaimati, tarawehe, watu kutembeleana mpaka karibu na daku. Na kafyu ilikua inaanza hata saa moja haijatimia baada ya adhana ya magharibi. Mama ambae chakula chake cha mwaka mzima anakitafutia mwezi huo alikua na masaa mawili ya jioni kuuza. Tarehe 6 Mei, katikati ya mfungo, Mji wa Kale ukafungwa wenyewe, sambamba na Eastleigh ya Nairobi, kwanza siku 15 alafu zikaongezwa mpaka tarehe 6 Juni. Idd ikatukuta ndani. Mtaa mzima ukatangazwa kwenye runinga kama mahali pa ugonjwa, na ukitoka hapo ukasema kwenu ni Mji wa Kale mtu anarudi hatua mbili nyuma. Nakumbuka kijana mmoja aliniambia mwajiri wake amemwambia asirudi hata mtaa ukifunguliwa.

Kilichotuvusha, na hili liandike popote utakapoandika, ni watu wenyewe. Kutuma kwa simu pesa isiyozidi shilingi 1,000 kulikua kumefanywa bure tangu katikati ya Machi, na watu wakawa wanatumiana mia mbili, mia tatu, kila siku, kutoka kwa asie na kitu kwenda kwa asie na kitu kabisa. Mifuko ya unga na mchele ilikua inaachwa mlangoni usiku bila jina ili mwenye nyumba asione haya.

Sasa hesabu ya bibi yako, ipange kama alivyoipanga yeye. Nikipimwa nasubiri majibu siku kadhaa, na kila anaeingia mtaani anajua nimepimwa. Nikipatikana nao napelekwa kituoni peke yangu, na umri huu, sijui nani ataniangalia, na nyumba nzima inafuata, mkwe wangu anapoteza kibarua. Nikifa sioshwi na wanangu. Hilo la mwisho usilipite haraka mwanangu. Sheria ya kuzika upesi kwetu haikua tatizo, sisi huzika siku hio hio, kule ambako mazishi huchukua wiki ndiko ilikouma. Kwetu kilichouma ni kuosha na kukafini, na watu wasiozidi 15 kaburini. Masheikh walieleza vizuri kwamba kwa dharura tayamamu, yaani kutakasa kwa udongo badala ya maji, inatosha, lakini mwanamke wa miaka 70 ambae ameosha maiti za mtaa maisha yake yote, kumwambia yeye atafungwa kwenye mfuko na watu asiowajua, hilo lilikua zito kuliko corona yenyewe.

Na upande wa pili wa mizani, nikipimwa napata nini? Dawa hakukua. Mpaka katikati ya Juni 2020 hakukua na dawa hata moja duniani iliyothibitishwa kupunguza vifo, ndipo ikajulikana ile deksamethasone inawasaidia walio hali mbaya wanaohitaji oksijeni. Kwa hio Mei bibi yako akiuliza "mutanipa nini?" jibu la kweli lilikua ni oksijeni na uangalizi ukizidiwa, na ukiwa hujazidiwa, panadol. Panadol anayo. Tangawizi na ndimu anayo, na mwanawe wa kumfukiza anae. Kujifukiza kulimpa nafuu ya kifua, virusi hakuvigusa, lakini mtu anaesubiri homa ipite nafuu anaihitaji.

Kosa lake liko kwenye hio oksijeni. Ugonjwa ule ulikua na tabia mbaya sana kwa wazee, mtu anaweza kuwa oksijeni imeshuka vibaya mwilini na yeye hahisi kubanwa, anazungumza na wewe, anaitikia salamu, anasema ni uchovu tu, na baada ya masaa machache hali imeharibika. Nyumbani unaweza kumpa mtu kila kitu, uji, dua, mkono wa kumshika, oksijeni huna, na kwa macho huijui kama imepungua. Nyumba iliyofunga mdomo ilikua inacheza kamari hio bila kuijua. Na kama mlikua na mzee mwengine humo ndani, au mtu wa sukari, basi siri hio ilikua hatari kwake pia. Bibi yako alipona, alhamdulillahi, lakini najua nyumba ambazo hesabu hio hio, kwa nia njema hio hio, ilitoka vibaya, na wenyewe hawajaweza kuisema mpaka leo.

Kuhusu mjomba kusema ukaidi ndio ulioeneza ugonjwa. Hapo kuna jambo lilikuja kupimwa vizuri. Watafiti wa KEMRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la Uingereza linalofadhili utafiti wa afya, walioko Kilifi walichukua damu za wachangiaji damu nchini, zaidi ya 3,000, zilizotolewa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, wakatafuta kingamwili za ugonjwa, zile alama zinazobaki kwenye damu mwili ukishapambana na virusi. Kwa Mombasa wakakadiria kama asilimia 8 ya watu wameshaambukizwa. Kaunti ina watu milioni 1.2 kwa sensa ya 2019, kwa hio unazungumzia makumi ya maelfu ya watu Mombasa peke yake, wakati waliothibitishwa kwa vipimo nchi nzima katikati ya Juni walikua hawajafika 5,000. Maana yake virusi vilikua vimeshatembea Kisauni, Nyali, Likoni, kila mahali, kwa watu ambao wengi ni vijana na hawakuumwa vya kutosha hata wakajijua. Bibi yako kupimwa au kutopimwa kusingebadilisha ramani hio. Na wale waliokua wanasema "mbona hatuwaoni hao wagonjwa" walikua wanasema walichokiona kweli, sisi ndio tuliokua hatuna maelezo ya kuwapa wakati ule, tukawaita wabishi.

Tarehe 10 Juni wizara ikatoa mwongozo wa kuwahudumia nyumbani wasio na dalili kali. Nilikua natamani uje Machi. Ndani ya wiki chache watu wale wale, milango ile ile, wakaanza kuwaita wahudumu wenyewe kwa simu, "njoo umuone mama, anakohoa". Tabia yao ni ile ile, kilichobadilika ni kile kinachofuata ukisema ukweli.

Mwisho ni mjomba, nitasema kitu ambacho hukuniuliza. Nairobi ilifungwa tarehe 6 Aprili, Mombasa siku mbili baadae, na njia haikufunguka mpaka mwezi wa 7. Miezi mitatu mwana yuko huko, mama yuko huku, kila jioni anatazama runinga wanautaja mtaa wa mamake, anapiga simu anaambiwa "sote wazima". Alafu anafika Julai anakuta mama alikua kitandani na yeye hakuambiwa. Mimi naona hasira yake haina uhusiano na kupimwa. Wewe ukitaka kuandika habari ya nyumba yenu usianze kwa kumuuliza bibi kwa nini alikataa, hilo ameulizwa vya kutosha. Muulize alilala chumba gani, nani alikua anampandishia uji, nguo zake zilifuliwa na nani na zilianikwa wapi majirani wasizione. Na mjomba awe amekaa hapo anasikiliza, mana hizo siku yeye hana kumbukumbu yake hata moja, ana "sote wazima" za kwenye simu tu.